Baba Mkwe, Nilikupima Nikiwa Nimekupa Mgongo

Mpendwa Baba,

Mwezi jana Mama, mkeo, aliniambia jambo moja kuhusu wewe, na tangu siku hiyo sijapata raha. Najua barua kwa marehemu haina posta. Nilimwambia mwanao Wekesa nataka kukuandikia, akasema, "Andika tu, na usiifiche. Kila mtu asome." Kwa hiyo naiandika wazi, mchana kweupe, kwenye meza ya jikoni hapa mtaani kwetu Section 58, na ninataka hata Baba Mdogo Simiyu aisome. Kuna kitu nilichonyamazia ulipokuwa mgonjwa. Kimya hicho kingeweza kukuua, na ulikaa nasi miaka mitatu baadaye bila mimi kukwambia.

Nilipoolewa kwenu nilitoka Olenguruone nikidhani heshima naijua. Kwetu Wakipsigis nasi tuna yetu. Lakini wiki ya kwanza Mama aliniketisha akanisomea sheria zenu za Kibukusu: mkono wa baba mkwe haupewi, kiti chake hakikaliwi, chumba chake hakiingiwi, na ngozi yake, ukitoa uso na viganja, huijui mpaka Mungu awatenganishe. "Yeye akiingia kwa mlango huu, wewe unatoka kwa ule," alisema. Jikoni penyewe palikuwa na mlango mmoja. Mara ngapi uliingia kutafuta kiberiti ukanikuta nimejibanza nyuma ya gunia la makaa, mwiko mkononi, wote wawili tukiangalia dari!

Ndipo ukaanza kukohoa langoni. Ulikuwa ukifika kutoka kiwandani, na hata baada ya kustaafu, unasimama pale kwenye geti, unakohoa mara mbili kwa sauti ya kinyapara, unangoja kidogo, ndipo unaingia. Nikisikia hivyo nafunika sufuria nakimbilia nyumba yetu ya nyuma. Hicho ndicho kikohozi pekee nilichowahi kukusikia nacho, na nitaeleza kwa nini nakitaja.

Tulizungumza kupitia binti yetu Naliaka. Hata alipokuwa mchanga wa miezi minne, hajui mkono wala mguu wake, ulikuwa ukisema, "Naliaka, mwambie mamako samaki ya leo ilikuwa sawa." Nami namjibu mtoto, "Mwambie babu ashukuriwe." Mtoto anatutazama kama watu wawili waliorukwa na akili. Wenzangu kazini walicheka sana nilipowasimulia. Mimi nilizoea, na kusema kweli nilipenda. Sijawahi kuheshimiwa na mwanamume yeyote kwa bidii namna ile.

Zawadi yangu kwako ilikuwa mursik. Kila nilipokwenda kwetu mama yangu alinijazia kibuyu, maziwa ya ng'ombe wake, hayajaona moto, yamegandia ndani ya kibuyu kilichosuguliwa mkaa. Ulikuwa ukiyapokea kama mtu anayepokea barua ya serikali. Wekesa aliwahi kukwambia maziwa huchemshwa, ukamjibu, "Ya kuchemsha ni ya wagonjwa." Nilijisikia nimeolewa vizuri. Mimi mfanyakazi wa kliniki, ninayejua vizuri maziwa mabichi hubeba nini, nilisimama nyuma ya mlango nikitabasamu.

Ugonjwa wako ulianza na mshipi. Kwa kuwa sikuruhusiwa kukukagua wewe, nilikusoma kwa vitu vyako. Niliona mshipi umetobolewa tundu jipya kwa msumari, kisha jingine. Niliona sahani inarudi jikoni na ugali nusu, kisha ugali mzima, umechomwa kidole tu. Niliona Mama anaanika shuka kila asubuhi, na najua mtu mzima hafui shuka kila siku ila kwa sababu. Halafu jambo la ajabu likatokea: mshipi uliokuwa unaingia ndani ukaanza kutoka nje. Mabega yanaisha, tumbo linajaa. Wiki moja unaharisha, wiki inayofuata hupati choo kabisa, na kila jioni joto linapanda.

Kwenye kemist walisema typhoid. Ukameza dawa ya typhoid. Ilipokataa wakasema ni brusela, ile homa ya mifugo, ukameza ya brusela. Kisha ikawa vidonda vya tumbo, kisha minyoo. Siwalaumu sana, maana hapa kwetu joto la mwili likizidi siku mbili tayari lina jina. Hakuna aliyefikiria TB. TB ni ya mtu anayekohoa, na wewe ulikuwa unakohoa mara mbili tu kwa siku, langoni, kwa ajili yangu.

Mwishowe Wekesa alikupeleka kwa kliniki moja ndogo wakakupiga picha ya tumbo, wakaandika karatasi. Hakunionyesha. Alimpigia Baba Mdogo Simiyu, naye akaja kutoka Bungoma na basi la asubuhi. Nilikuwa nimeleta chai, nimesimama nyuma ya pazia la sebule na trei mikononi, nikasikia kila kitu. Karatasi ilisema kuna uvimbe kwenye utumbo na maji tumboni, na yaelekea ni saratani.

"Tumbo kama hii haikuji bure," Baba Mdogo alisema. "Huyu mtu amelishwa kitu. Swali ni moja tu, amekula kwa nani?"

Mimi nilikuwa nimeshika trei, na chai ilikuwa imemwagikia visahani vyote. Nilijua kila kilichoingia tumboni mwako mwaka ule kilipikwa na Mama au nami. Ila kimoja tu kilitoka nje ya boma, nacho kilikuwa kwenye kibuyu cha mama yangu.

Wakakubaliana Jumamosi usafirishwe nyumbani Bungoma. Hawakusema unapelekwa kufa. Walisema mzee akapumzike kwake. Lakini wewe ulielewa, ukaanza kugawa vitu. Koti la kijivu ulimpa jirani, baiskeli ukamwachia Wekesa, redio ukasema ibaki kwa Mama. Siku ya Jumatano nilikuwa naosha vyombo, nikasikia sauti yako chini ya dirisha la jikoni, imekuwa nyembamba. "Naliaka, mwambie mamako amenipikia miaka saba na sijawahi kulala njaa. Mwambie ahsante." Naliaka alikuwa shuleni. Nililia juu ya sufuria hadi maji yakapoa.

Usiku huohuo nilimwambia Wekesa anipe hiyo karatasi. Kupima matumbo kwa ultrasound ndiyo kazi yangu, nilisomea, na nilikuwa nimekaa kama mgeni kwenye ugonjwa wa nyumba yangu. Niliisoma mara tatu. Uvimbe wenyewe ulikuwa upande wa kulia chini, pale utumbo mwembamba unapoungana na ule mpana. Aliyeandika aliona maji lakini hakusema maji ya namna gani. Nikaunganisha na shuka za Mama zilizolowa jasho la usiku, na joto la jioni.

"Wekesa, hii inaweza kuwa TB," nilisema.

"TB si ni ya kifua? Mzee hakohoi."

"Inaenda popote. Mfupa, ubongo, tumbo. Na inatibika."

"Na kama ni cancer?"

"Basi tutakuwa tumejua. Lakini asiende kaburini na karatasi ya kubahatisha."

Aliikunja ile karatasi. Kisha akauliza swali ambalo wote wawili tulikuwa tunaliogopa. "Na nani atampima? Wewe?"

Mwenzangu wa chumba cha picha alikuwa likizo. Hospitali kubwa wewe ulikataa, ukasema umechoka kulazwa kila kitanda kama nguo ya mtumba, na kama ni kufa basi ufie kwako. Kliniki ninakofanya kazi ilikuwa karibu, na siku zilikuwa zimebaki mbili. Lakini mimi kukufunua tumbo, nikupake jeli, nikuwekee mkono? Wekesa aliona aibu hata kulifikiria. Nami pia, sitajifanya shujaa. Nilihisi ni afadhali nikatwe mkono.

Mama ndiye aliyetuokoa. Tulimwambia asubuhi, akachambua mboga hadi akamaliza fungu zima kabla hajajibu. "Hiyo mashine," akauliza, "inaonyesha kwa televisheni?" Nikasema ndiyo. "Na waya yake ni refu?" Mrefu kiasi. "Basi tumbo ni yangu. Nimeishika miaka arobaini. Wewe tazama televisheni."

Alhamisi saa tisa ulikuja. Nilivuta pazia kukizunguka kitanda, nikaisukuma mashine nje ya pazia, nikakaa na mgongo wangu umekuelekea, skrini mbele yangu. Waya ulipita chini ya pazia hadi mkononi mwa Mama. Nilikuwa nimemfundisha jikoni kwa kutumia kijiko na tikiti maji. Wekesa alisimama mlangoni akiangalia ukuta. Kama bosi wangu angeingia wakati ule ningekosa pa kuanzia.

"Mama, weka jeli katikati, kisha teremka kulia. Taratibu."

"Hapa?"

"Chini kidogo. Bonyeza."

Nikasikia sauti yako nyuma ya pazia. "Huyu mama anakandamiza kama anafua blanketi."

"Nyamaza wewe, ninapima," Mama akasema, na niliona kwenye skrini tumbo lako linatikisika kwa kicheko. Mpaka leo sijui mtu mwingine aliyewahi kuona kicheko cha baba mkwe wake kutoka ndani.

Baba, nikwambie nilichoona, maana siku ile nilisema kidogo tu. Maji kwenye picha zetu huwa meusi. Ya kwako yalikuwa meusi lakini hayakuwa matupu, yalijaa nyuzi nyembamba zikielea kama katani iliyolowekwa ndooni. Utando wa ndani ya tumbo ulikuwa umenenepa. Pale utumbo unapoungana kuta zilikuwa nene, na kando yake tezi zimevimba, zimeshikana kwa mafungu, katikati yake peusi. Nilimwambia Mama arudi pale mara nne. Nimeona matumbo mengi ya saratani, nayo hudanganya sana, hujifanya hivihivi. Sikuweza kuapa. Lakini moyo wangu uliegemea upande mmoja.

"Naliaka," ukaita kutoka nyuma ya pazia, ingawa Naliaka hakuwepo, "muulize mamako ameona nini."

Nikajibu skrini. "Mwambie babu kuna sababu ya kutosafiri Jumamosi."

Ukasema, "Basi wasikodi gari." Mama akaanza kukupangusa jeli, nami nikazitia picha kwenye bahasha.

Sasa nafika pale palipofanya niiandike barua hii.

Ijumaa, kwa ajili ya zile picha, ulikubali kwenda kumwona daktari wa hospitali kubwa. Uliingia na Mama pamoja na Baba Mdogo, mimi nikabaki kwenye benchi la nje na picha zangu kwenye bahasha. Mlipotoka mkapelekwa maabara, daktari akaniita nimweleze nilichoona. Tulizungumza kikazi. Simu yake ikalia, akageuka dirishani, na faili lako likawa wazi mbele yangu. Alikuwa ameandika maswali na majibu yako. Kikohozi, hakuna. Kuishi na mgonjwa wa TB, hapana. Maziwa yasiyochemshwa, hapana.

Nililisoma tena neno lile la mwisho. Nikadhani hukulielewa swali, au daktari aliandika kwa mazoea. Alipomaliza simu akaniambia, "Picha zako zinanivuta kwa TB, lakini historia hainisaidii. Angekuwa anakunywa maziwa mabichi ningeanza kuegemea huko. Kwa umri wake naogopa saratani. Tutoe maji tupime kwanza."

Baba, jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Lilikuwa sentensi moja: daktari, anakunywa, mimi mwenyewe ndiye ninayemletea. Lakini mlango ulikuwa nusu wazi na Baba Mdogo alikuwa amerudi, amekaa kwenye benchi. Nilisikia tena lile swali lake, amekula kwa nani. Nikawaona wazee wa Bungoma wamekaa, kibuyu cha mama yangu kimewekwa katikati yao, na mimi mwanamke wa kabila lingine niliyemlisha mzee wao. Nikasema, "Sawa, daktari." Nikachukua bahasha yangu nikatoka.

Walitoa maji tumboni mwako, ya rangi ya majani makavu. Vipimo vya kwanza vilielekea TB, lakini ile mashine inayotafuta vijidudu vyenyewe haikukuta kitu. Daktari akaona asikuanzishie dawa kwa kubahatisha. Ukalazwa, ukawekewa dripu, na uso wako ukawa wote macho. Baba Mdogo akasema tumeona sasa, si TB, mtu apelekwe kwao. Wanaume walikuwa wamezunguka kitanda, nami nilikuwa nje ya mlango wa wodi. Hapo ndipo nilipofungua mdomo, kwa sababu nilijua nina deni ambalo wao hawalijui.

"Baba Mdogo," nilisema kutoka koridoni, nikiangalia sakafu, "ile mashine hukosa mara nyingi kwa maji ya tumbo. Wamwingize kamera, wachukue kipande cha nyama pale penye uvimbe. Hicho ndicho kitasema ukweli."

"Kumbe siku hizi wake wa watoto ndio wanaongoza vikao?"

Nikasikia kitanda kinalia. Ulikuwa unajaribu kuketi. "Mwambieni Mama Naliaka nimesikia," ulisema. "Sitoki hapa mpaka hiyo nyama ipimwe."

Siku ulizongoja majibu ndizo ndefu kuliko zote nilizoishi. Nilikuwa napima watu kutwa, nikitoka nakuja kukaa kwenye lile benchi. Majibu yalipokuja Wekesa alinipigia simu, akampa daktari simu. Ilikuwa TB ya utumbo na ya utando wa tumbo. Daktari akasema dawa za miezi sita, na kwamba tumechelewa kidogo lakini hatujachelewa sana. Hicho "kidogo" ninakijua mimi. Ni zile wiki tatu ulizolala hapo ukikonda, ambazo sentensi yangu moja pengine ingezifupisha. Sina hakika ingezifupisha. Lakini sikuipa nafasi.

Uliambiwa ukasema, "TB? Na sijakohoa hata siku moja?" Nesi akacheka. Dawa zikakupa mkojo wa rangi ya Fanta, ukamwita Wekesa chooni aje ashuhudie. Mwezi wa pili sahani zilirudi jikoni tupu. Mwezi wa tatu Mama akaacha kuanika shuka. Mshipi ukarudi tundu moja, kisha la pili. Jirani akakurudishia koti la kijivu mwenyewe, amelifua na kulipiga pasi, akasema amechoka kulitunza.

Nilimpigia mama yangu simu nikamwambia asinipe tena mursik mpaka nimwambie, na yeye na watoto wote wa boma wachemshe maziwa. Aliudhika sana. Daktari wa mifugo alipokuja ng'ombe wawili wakatengwa, na hapo hakubisha tena. Daktari wako alisema hakuna anayeweza kujua kwa hakika kama ugonjwa wako ulitoka kwa maziwa au kwa pumzi ya mtu fulani kiwandani miaka iliyopita. Maneno hayo nilijifunika nayo kama blanketi.

Ulipona vya kutosha hadi ukauliza. "Naliaka, muulize mamako, kwani kwao siku hizi hakuna maziwa?"

Nikamjibu mtoto, "Mwambie babu ng'ombe wamekauka."

Ukaguna. Na tangu siku hiyo kila ulipoombea chakula, mimi nikisikiliza kutoka jikoni, uliombea wagonjwa, ukaombea wasafiri, ukaombea mvua, kisha ukasema, "Na ng'ombe wa Olenguruone, Bwana, uwafungue." Miaka mitatu, Baba. Kila ulipomtaja ng'ombe mimi niligeuzia uso jikoni. Wakati mwingine Mama alikohoa katikati ya ombi hilo na kutoka nje, nikadhani ni moshi.

Kisha mlihamia Bungoma, na asubuhi moja presha ikakuchukua ukiwa unafunga viatu. Haikuwa TB. Tulikuzika kwenye shamba lako, Baba Mdogo akahutubia vizuri, akasema ulikula chumvi nyingi. Mimi nilikaa na wanawake nikakulilia kwa sauti, nikiwa na jambo langu kifuani.

Mwezi jana nilikwenda kumsaidia Mama kupukuchua mahindi. Tulikuwa wawili tu. Sijui kilichonisukuma, labda kuchoka. Nikamwambia, "Mama, kuna kitu kuhusu maziwa sikuwahi kusema." Hakuinua hata macho.

"Ile siku ya daktari," akasema, "aliuliza Mzee kama anakunywa maziwa haijachemshwa. Simiyu alikuwa hapo, anaangalia mdomo yake. Mzee akasema hapana. Mimi nikamkanyaga mguu. Akasema tena, hapana, daktari, hata siku moja."

Nikaacha kupukuchua, gunzi mkononi.

"Tukifika nyumbani nikamgombanisha. Nikamwambia utakufa na uongo yako. Akaniambia, 'Nikisema ndio, Simiyu atasimama hapo nje na neno moja, na huyu msichana hataishi kwa hii boma tena. Wacha nife na heshima ya mtoto wangu.'" Mama akamimina mahindi kwenye karai. "Nilitaka kukuambia. Akakataa. Akasema ukitaka utasema wewe mwenyewe siku yako."

"Na ng'ombe?" nikauliza.

Hapo Mama ndipo alipoanza kucheka. "Ng'ombe gani hukauka miaka tatu? Alikuwa anaomba hivyo akiniangalia kwa jicho moja. Nilikuwa natoka nje nicheke."

Nimelifikiria hilo kila siku tangu nilipolisikia. Tulikuwa watu wawili kwenye ile hospitali tuliolijua jibu, na wote wawili hatukulisema. Wewe ulisema hapana ili uniokoe mimi, na ulikuwa tayari kulilipia kwa maisha yako. Mimi nilinyamaza ili nijiokoe mimi, na nilikuwa tayari ulilipie wewe. Sina namna ya kulipamba hilo, na nimechoka kulipamba.

Siku yangu niliyoachiwa ndiyo leo. Baba Mdogo Simiyu, ukisoma hapa, mzee wetu alikunywa maziwa mabichi kwa miaka, nami ndiye niliyeyaleta kwa mikono yangu, kwa mapenzi na kwa ujinga, nikijua nisichopaswa kukipuuza. Njoo uniulize lolote. Nitakujibu nikiwa nimesimama mbele yako, si nyuma ya pazia.

Nawe Baba, lala vizuri. Ng'ombe wa kwetu hawakuwahi kukauka, na ulijua.

Mke wa mwanao,
Mama Naliaka